Kifaranga Anapochechemea

(Mazungumzo haya yalitolewa na mama mfugaji mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Machakos. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya kuku, na mambo ya kuku ni mengi. Nikianza kuyasema yote tutalala hapa. Kwa hivyo nimechagua jambo moja dogo, nalo ni kuku mchanga anayechechemea. Yule wa wiki mbili, wa mwezi, wa miezi mitatu, ambaye jana alikuwa akikimbizana na wenzake na leo ameinua mguu mmoja, au amekalia magoti, au amelala upande anapiga bawa. Nilipofika nimemwona mama mmoja pale nyuma ana kikapu, na ndani ya kikapu mna tembe asiyesimama. Mama, tulia, tutafika kwake.

Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga kuku tangu nikiwa msichana, nimehudhuria mafunzo ya afisa wetu wa mifugo mara kadhaa, na nimekosea mara nyingi. Nitaanza na kosa moja.

Mwaka wa 2016 kikundi chetu kilitoa shilingi 6,000 za merigoraundi tukanunua vifaranga 60 wa siku moja, wale wa kienyeji walioboreshwa. Nia yetu ilikuwa wakifika miezi mitano tuuze majogoo tupate karo, na matetea wabaki watutagie. Tuliwaweka kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa na chumba cha ziada. Kwa kuogopa mwewe na nguchiro, tuliwafungia ndani mchana na usiku. Chakula cha vifaranga cha dukani kilipopanda bei, tulikutana tukakubaliana kukichanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi. Sisi wote tuliinua mikono. Tafadhali likumbukeni hilo la kuinua mikono.

Wiki ya tatu wakaanza. Kwanza mmoja, kisha wanne, kisha kumi na mmoja. Hawakuhara, hawakukohoa. Walitembea kama walevi, halafu wakakaa, wakakataa kusimama. Tukaenda dukani tukasema, "Kuku wetu wanaumwa miguu," tukauziwa unga wa antibiotiki wa kutia kwenye maji. Hakuna kitu. Tukarudi tukauziwa mwingine. Shilingi 1,400 zikaenda, na vifaranga 23 wakafa. Hapo ndipo maneno yakaanza. Ati yule mama anawanyima chakula, ati lile gunia analipeleka kwa kuku wake mwenyewe. Mwingine akasema ni mkono wa mtu. Tukamwita mkutanoni tukamwuliza maswali, na mimi ninayesimama hapa nilikuwa mmoja wa waliouliza.

Afisa wa mifugo alipokuja hatimaye, hata mkoba hakuufungua. Alimshika kifaranga mmoja, akaubonyeza mdomo wake kwa kidole gumba, na ule mdomo ukapinda kama mpira. Akauliza, "Hawa huota jua saa ngapi?" Tukanyamaza. "Wanakula nini?" Tukamwambia. Akasema mifupa yao ni laini, wana matege, sawa na yale ya watoto wa binadamu. Tuliwatoa juani, tukawarudishia chakula chao halisi, na katika wale 37 waliobaki wengi walisimama ndani ya wiki moja. Sita walibaki na miguu iliyopinda. Lakini yule mama alikuwa amekwisha kuondoka kwenye kikundi. Tulikwenda watu watatu kumwomba msamaha. Alitupikia chai, tukanywa, tukaongea vizuri. Hakurudi.

Basi ninyi mnaofuga pamoja, mniwie radhi nikisema polepole. Kuchechemea ni dalili tu, kama joto la mwili kwa mtoto. Mtoto akiwa na joto, huendi dukani ukasema "nipe dawa ya joto" ukatosheka. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa sikio, inaweza kuwa jino. Na kuku ni vivyo hivyo. Ukimwambia muuza dawa "mguu" peke yake, atakuuzia alicho nacho kwenye rafu.

Kwanza kabisa, usimkamate. Simama mbali dakika tano umwangalie. Je, ni mguu kweli, au ni udhaifu? Kifaranga aliyejikunyata, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, macho amefumba, huyo anaweza kushindwa kutembea na miguu yake ni mizima kabisa. Angalia kinyesi. Ukiona damu, hiyo huenda ni koksidia, ugonjwa wa kuhara damu unaowapata sana vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanaokaa kwenye matandiko yaliyolowa. Dawa yake ipo, ile ya amproliamu ya kutia kwenye maji, na usichelewe, maana wanakufa haraka. Hiyo si habari ya miguu tena. Lakini kifaranga ambaye macho yake yanang'aa, anataka kula, anajivuta kufuata chakula, mguu tu ndio umemkatalia, huyo ndiye ninayemzungumzia leo.

Pili, hesabu. Ni mmoja au ni wengi? Mmoja peke yake, mara nyingi ameumia. Wengi kwa wakati mmoja, chunguza chakula na nyumba, au ugonjwa unaoambukiza. Kanuni hii si ya kuapia, maana ugonjwa nao huanza na mmoja, lakini itakuonyesha pa kuanzia.

Tatu, mkamate sasa, vizuri jioni akiwa ametulia, na taa au tochi karibu. Mfunge kwa kitambaa mabawa yasipige. Anza chini kwenye wayo, kisha vidole, kisha ule mguu wa magamba, kisha kile kifundo cha kati tunachokiita goti, kisha paja. Kila mara linganisha na mguu mwingine. Kuna uvimbe? Kuna joto ukigusa kwa mgongo wa mkono? Halafu bonyeza mdomo. Mwisho tazama chini ya mabawa.

Sasa niseme juu ya tunayoyakuta.

La kwanza linachekesha lakini linaua. Ni uzi. Uzi wa gunia, uzi wa nailoni, na siku hizi hasa zile nywele za kusuka tunazozitupa uani tukimaliza kusukana. Akina mama, msicheke. Kifaranga anachakura, uzi unajizungusha kidoleni, kila hatua unakaza. Baada ya siku mbili huuoni tena kwa sababu umezama kwenye nyama; unaona kidole kimevimba tu, na ukakisia ni jipu. Lowesha mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, ufungue kwa sindano na mkasi mdogo, taratibu, pande zote mpaka utoke wote. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, kisha paka ayodini. Kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi na kikavu, kitaanguka chenyewe. Kuku huishi na kutaga bila kidole kimoja. Nimeona kuku aliyepewa antibiotiki siku tano, na shida yake ilikuwa unywele mmoja mwekundu.

Vivyo hivyo miiba. Kwetu huku miiba si haba. Mwiba huingia kwenye wayo, kidonda kinaziba, usaha unabaki ndani na kuwa kigumu kama punje ya mahindi. Kikiwa kipya, loweka, toa mwiba, osha, paka dawa, ufunge kitambaa safi na ubadilishe kila siku. Kikiwa kigumu na kimevimba mpaka juu, msikate wenyewe kwa wembe. Mwite anayejua.

Kuvunjika: kumekanyagwa na ng'ombe, kumebanwa na mlango, au ameletwa kutoka soko la Tala amening'inizwa kichwa chini kwenye boda boda, miguu imefungwa kwa mpira wa tyubu. Hilo la kuning'iniza tuache. Kuku achukuliwe kwenye kikapu au tenga. Kama mfupa uliovunjika ni ule wa magamba, chini ya goti, unaweza kuuganga. Chukua mrija wa soda, upasue kwa urefu, weka pamba kidogo, uuvishe mguu ukiwa umenyooka, zungusha plasta bila kukaza sana. Kila siku tazama vidole. Vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno. Mifupa ya kuku mchanga huunga upesi, wiki mbili au tatu unafungua. Mfupa wa paja hauwezi kuufunga hivyo. Mweke tu mahali padogo asitembee na umwachie siku zake. Na kama mfupa umetoboa ngozi na kutoka nje, usimtese.

Wale wanaoanguliwa na miguu imetawanyika, mmoja mashariki na mmoja magharibi kama mtu aliyeteleza kwenye matope, mara nyingi ni sakafu. Tunawatandikia gazeti au plastiki, na huko kifaranga hana pa kushikilia. Tandika gunia au kitambaa kikavu siku za kwanza, kisha maranda ya mbao. Na huyo aliyetawanyika, mfunge miguu yote miwili kwa ukanda mwembamba wa plasta, ukiacha nafasi ya kawaida ya kusimama kati yake, kama pingu laini. Siku tatu hadi tano. Lakini ufanye hivyo siku ya kwanza au ya pili. Ukingoja wiki, mifupa imeshazoea na hutamrudisha.

Sasa tuje kwa chakula, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa zetu za kikundi zilipozama.

Matege nimeshaeleza. Mfupa unataka vitu vitatu: kalisi, fosiforasi na vitamini D. Vitamini D kuku hujitengenezea mwenyewe akipata jua, jua la moja kwa moja, si la kupita kwenye kioo cha dirisha. Kuku anayezunguka uani na mama yake hana haja ya kufundishwa. Ni sisi tunaowafungia ndani kwa sababu ya mwewe ndio tunaowanyima. Jengeni kibanda kidogo cha waya, hata cha fito na wavu, watoke kila siku. Kuhusu kalisi, wengi wenu mnajua maganda ya mayai, yaoke kidogo kwenye jiko, uyasage. Ni mazuri, lakini hayana fosiforasi ya kutosha. Omena wana yote mawili kwa sababu kuku anakula samaki mzima na mifupa yake, na unga wa mifupa wa dukani vilevile. Wasage vizuri, kifaranga hana meno.

Lakini sikilizeni upande wa pili, maana tukisikia kalisi ni nzuri tunamwaga. Kuna watu, na mimi nawajua, ambao kuku wao wakubwa wanataga, na chakula cha kuku wa kutaga kimebaki kwenye gunia, basi wanawapa vifaranga. Usifanye hivyo. Kuku anayetaga anahitaji kalisi nyingi ya kutengeneza ganda, kwa hivyo chakula chake kina kalisi karibu mara tatu na nusu hadi nne ya kile cha vifaranga. Figo za kifaranga haziwezi mzigo huo. Zinaharibika, anakonda, na mwingine anachechemea. Unaona, kalisi kidogo anachechemea, kalisi kupita kiasi anachechemea.

La pili la chakula ni vidole kujikunja. Kifaranga wa wiki moja hadi tatu, anatembea kwa magoti, na ukitazama vidole vyake vimejikunja kwa ndani kama ngumi. Vyote viwili, kulia na kushoto. Hiyo huwa ni upungufu wa vitamini B2. Hapa siku zina maana. Ukimpa vitamini mapema, zile za unga za kuku za kutia kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, utaona tofauti katika siku moja mbili. Ukichelewa, ule mshipa wa fahamu wa mguu umeharibika, na hata ukimpa ndoo nzima havitanyooka. Kama duka ni mbali leo, anza na vilivyo jikoni: maini yaliyochemshwa na kupondwa, maziwa lala kidogo, omena, majani ya kunde, mchicha au sukuma wiki yaliyokatwakatwa. Na kama vifaranga wanaanguliwa wakiwa hivyo hivyo, mtazame mama yao. Kuku anayetaga huku anakula mahindi matupu hana cha kuweka ndani ya yai.

Ipo na ile ambayo goti linavimba na kuwa pana, kano ya nyuma inateleza kando, mguu unageuka nje mpaka anaukokota. Ni upungufu pia, madini ya manganizi na kitu kiitwacho kolini. Yule ambaye kano imeshateleza, ukweli ni kwamba haponi. Lakini amekuonya juu ya chakula cha wenzake. Nendeni mkakibadilishe.

Magoti yaliyovimba yakiwa na joto, kifaranga hataki kula, labda na wayo umevimba pia: hayo ni maambukizi ndani ya viungo. Hapa dawa ya kuua bakteria inaweza kusaidia, lakini mwachie afisa aichague. Msifungue vidonge vyenu vya hospitali mkawapa kuku. Dawa ikitumiwa ovyo, viini vinaizoea, na siku mtoto wako akiihitaji haitafanya kazi. Halafu kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kula nyama au mayai. Zimeandikwa kwenye pakiti. Anayeuza mayai kabla ya siku hizo anamlisha jirani dawa asiyoijua.

Sisi wa sehemu kavu tusisahau papasi. Wanakaa kwenye nyufa za banda, wanatoka usiku wananyonya, asubuhi huwaoni. Wadogo zao hung'ang'ania chini ya mabawa siku kadhaa, wanaonekana kama vijidoa vyeusi vya kibuluu. Wengine huleta ulemavu unaoanza miguuni na kupanda juu. Ukiwaona, watoe, na banda lote lipigwe dawa ya nyufani, kisha nyufa zizibwe kwa udongo. Ukitoa papasi mapema, kuku anaweza kusimama tena. Ndiyo sababu nilisema mwisho tazama chini ya mabawa. Hapo ndipo tunapopasahau.

Yamebaki mawili mabaya.

Kideri, au Newcastle, mnakijua. Miguu na mabawa yanapooza, shingo inapinda, kinyesi cha kijani, wanahema kwa shida, wanakufa wengi kwa mfululizo. Hakuna dawa. Kuna chanjo, na hapa Kenya inatengenezwa na KEVEVAPI, inatiwa tone moja kwenye jicho. Tone hilo gharama yake ni ndogo mkichanja pamoja kama kikundi, maana chupa moja ni ya kuku wengi. Ukiona dalili hizo, toa habari kwa afisa siku hiyo hiyo, na asiuzwe kuku hata mmoja. Najua mioyo yetu: wakianza kufa tunakimbilia soko kabla hawajaisha. Ndivyo ugonjwa unavyohama kutoka kwangu mpaka kwako.

Ya pili ni Mareki. Jina ni la daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka wa 1907. Huwapata kuku wachanga wanaokua, kwa kawaida kutoka kama wiki sita mpaka miezi mitano hivi. Virusi vyake vinaingia kwenye mishipa ya fahamu. Dalili yake inayojulikana zaidi ni mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, kama mtu anayeruka mtaro. Wakati mwingine ni bawa limelegea, au jicho limebadilika rangi. Anatoa virusi kwenye vumbi la manyoya yake, na vumbi hilo linabaki na nguvu miezi mingi. Hakuna dawa, si ya duka wala ya majani. Chanjo ipo, lakini hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa sindano, kwenye kituo cha kuangulia. Kwa hivyo mnaponunua vifaranga ulizeni: "Wamechanjwa Mareki?" Jibu lisipokuwa wazi, tafuteni kwingine. Wale wanaoanguliwa na kuku wako nyumbani hawana kinga hiyo. Utakachoweza ni kuwalea mbali na wakubwa wiki za kwanza, na kufagia na kuchoma matandiko ya zamani kabla hawajaingia.

Kabla ya maswali, neno moja juu ya kumuuguza, chochote kiwe kilichompata. Kuku kiwete wengi hawauawi na mguu. Wanauawa na kiu, njaa, na kukanyagwa. Mtoe kwenye kundi siku hiyo hiyo. Mweke kwenye boksi lenye nyasi kavu, mahali anaposikia wenzake, maana akiwa peke yake kabisa hali. Maji na chakula viwe karibu na mdomo. Asipokunywa, dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo. Usimmiminie kooni, utamzamisha. Mgeuze upande mara kadhaa kwa siku, mfute kinyesi. Mpe siku tatu au nne ukimtazama. Akiwa na nafuu, endelea. Akizidi kuharibika, au wa pili na wa tatu wakaanza, acha kukisia na mwite afisa. Kuku aliyekufa karibuni anaweza kupasuliwa kwenye maabara, na mwisho kabisa ipo ile maabara kuu ya mifugo ya Kabete. Kuku mmoja aliyepasuliwa angetuokolea sisi 23, na angetuokolea mwenzetu.

Haya, maswali. Mzee ameuliza kama ni makosa kumchinja aliyevunjika mguu. Hapana, mzee. Kama ameumia leo, ni mzima kwingine kote, na hajapewa dawa, mchinje mle. Kama amepewa dawa, hesabu siku za pakiti kwanza.

Dada ameuliza juu ya mshubiri kwenye maji. Dada, hata mimi huwa nawatilia. Lakini sijaona mshubiri ukinyoosha mguu, na tatizo ni zile siku tatu nne tunazopoteza tukingoja unyooshe.

Sasa, mama wa kikapu, lete tumwone. Sogeeni, lakini msimguse, kuku wenu wako nyumbani. Ana muda gani? Miezi mitatu. Uliangua mwenyewe au ulinunua? Kaangua kuku wake. Mwone, macho yake ni mazuri, anataka kudonoa. Wayo hauna kidonda. Vidole havina uzi. Magoti hayajavimba. Mdomo mgumu, kwa hivyo si matege. Chini ya mabawa hakuna kitu. Sasa nikimbana kidole cha mguu huu anauvuta. Huu mwingine, tazameni, hauvuti. Na nikimweka chini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Amekonda, mfupa wa kifua umekaa kama kisu. Kuna mwingine aliyekuwa hivi? Mwezi uliopita, akafa.

Mama, sitakudanganya. Maabara ndiyo itakayosema kwa hakika, lakini kwa macho yangu hii ni Mareki, na huyu sioni kama atasimama. Virusi hivi haviwapati watu, usiogope kwa watoto. Lakini kuku aliyekonda hivi hana nyama ya kula, na akifa azikwe chini sana, mbwa wasimfukue. Umesema una wengine 18 na ulitaka kuwapeleka Tala Ijumaa. Naomba usiwapeleke. Najua ulikuwa na sababu ya kuwapeleka, tutaiongea na wenzako wa kikundi, si hapa mbele ya watu. Kesho asubuhi nitampigia afisa, tuje naye kwako, huyu apelekwe maabara, nao wale watazamwe mmoja mmoja.

Lakini sasa ana kiu. Nani ana kikombe?